Cheni imepauka? Jua kwanza kama ni uchafu au imelika

Somo la leo ni la wote mnaouza urembo mtandaoni: cheni, hereni, bangili, pete na vikuku vya rangi ya dhahabu. Kama unauza hivi vitu, iwe uko Sumbawanga mjini, Laela, Matai au Namanyere, ujumbe huu lazima umeshakufikia: "Dada, ile cheni yangu imebadilika rangi, na ndiyo naipenda kuliko zote. Inaweza kurudi kama zamani?"

Wengi wetu tunajibu haraka: "Hiyo imeisha, chukua nyingine." Au tunamwambia aisugue na dawa ya meno. Jibu la kwanza linamfanya mteja ajiulize kama na hiyo nyingine itaisha hivyo hivyo. La pili linaimaliza cheni yenyewe. Na mji wetu si mkubwa. Mteja mmoja akilalamika kwenye grupu la kikoba, wateja wako kumi wameshasikia. Kwa hiyo tujifunze kujibu vizuri.

1. ELEWA UNACHOUZA

Urembo mwingi wa bei nafuu tunaoagiza Kariakoo ndani yake ni shaba iliyochanganywa na zinki, au mchanganyiko wenye zinki nyingi, au stili. Juu kuna tabaka jembamba la dhahabu lililowekwa kwa umeme: kitu kinazamishwa kwenye dawa yenye dhahabu, umeme unapita, dhahabu inakwenda kushika juu yake. Ndiyo maana tunasema "imechovywa". Mara nyingi chini ya dhahabu kuna tabaka la nikeli. Na vingine havina dhahabu kabisa, ni rangi ya kufanana tu.

Jembamba kiasi gani? Kwa miongozo ya biashara ya Marekani, ili kitu kiitwe kimechovywa dhahabu kwa umeme, tabaka linatakiwa lifike angalau maikroni 0.175. Likiitwa chovyo zito, maikroni 2.5. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Yaani lile tabaka la kwanza ni kama umechukua unywele mmoja ukaupasua mara 400! Sasa unaelewa kwa nini pete inayoosha vyombo kila siku inapauka kabla ya hereni.

Sentensi ya kuandika kwenye daftari ni hii: tabaka likishaondoka, hakuna kusugua kutakakolirudisha. Kusugua kunaondoa. Kinachorudisha ni kuongeza tabaka jipya tu.

2. NI UCHAFU AU IMELIKA?

Usiahidi chochote kabla hujaiona. Mwambie mteja alete, au atume picha mbili za karibu, mchana, bila filta.

Dalili za uchafu: cheni yote imefifia kwa usawa, ina kama utando, weusi umejificha kwenye maungio. Hapa kwetu Ufipa hii ni ya kawaida sana miezi ya baridi. Juni na Julai ngozi inakauka, watu wanajipaka mafuta na gilisarini kwa wingi, halafu wanavaa sweta juu. Mafuta yanashika vumbi na nyuzi, cheni inaonekana imekufa, kumbe iko hai.

Dalili za kulika: rangi imetoka mahali panaposuguana, kama ndani ya pete, nyuma ya kidani, kwenye kifungio. Chini unaona wekundu wa shaba au weupe wa kijivu. Ngozi inabaki na kijani. Hiyo ni shaba inayokutana na jasho. Wateja wa bondeni, Muze na Mtowisa, wanatoka jasho kuliko sisi wa huku juu, kwa hiyo cheni ya aina ile ile kwao inaweza kuchoka mapema. Waambie kabla hawajanunua.

3. KUOSHA: ANZA HAPA KILA MARA

Unahitaji maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, mswaki laini wa mtoto na kitambaa cha pamba.

Osha kwa kugusa taratibu, suuza, kausha kwa kupangusa bila kusugua, acha mahali pakavu mpaka maungio yakauke kabisa. Chenye lulu za bandia au mawe ya kugundisha usikiloweke, gundi itaachia. Pangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Usitumie dawa ya meno, majivu, magadi, limao, stilwaya wala dawa ya kung'arishia shaba. Vitu hivyo vinakwangua au vinakula. Kitang'aa siku hiyo, kwa sababu umefika kwenye metali ya ndani!

Kama ni uchafu, kazi imeisha. Mara nyingi mimi hii siitozi. Mteja akija kuichukua anaangalia na mzigo mpya.

4. KAMA IMELIKA, KUNA NJIA TATU

Njia ya kwanza, kulinda kilichobaki. Baada ya kuosha na kukausha, paka tabaka jembamba la rangi ya kucha ile inayoonekana kama maji, acha ikauke, rudia mara moja. Inazuia jasho lisifike kwenye shaba. Hairudishi dhahabu, na inabanduka, kwa hiyo mteja ajue atarudia. Usipake sehemu ya hereni inayoingia sikioni.

Njia ya pili, rangi ya dhahabu ya kupaka au kupuliza. Inafaa kwa kitu kisichosuguana na ngozi: bruchi, kibanio cha nywele, pambo la mkoba. Kwa pete usijisumbue. Na hii ni rangi, si dhahabu. Iite rangi.

Njia ya tatu, kuchovya upya. Hapo ndipo unamtafuta sonara mwenye vifaa. Si kila sonara anachovya. Wengine wanang'arisha tu. Muulize maswali manne: Utachovya au utang'arisha? Utaweka dhahabu au rangi ya kufanana? Utaweka tabaka la chini kwanza? Mawe yakitoka nani analipa? Swali la tatu ni muhimu kwa sababu metali yenye zinki nyingi isipofunikwa kwanza na shaba, dawa ya kuchovya inaweza kuila. Stili nayo inahitaji maandalizi yake, la sivyo dhahabu inabanduka kama ganda. Na kazi ikianza na kung'arisha sana, maua madogo madogo ya kwenye kidani yanafutika. Piga picha kabla ya kukabidhi.

5. HAPA TUSITANIANE

Kuna video zinaonyesha mtu anachovya dhahabu jikoni kwa betri na glasi. Dawa nyingi za kuchovya dhahabu zina sayanaidi. Ni sumu ya kuua, na ikikutana na asidi inatoa gesi ya kuua. Usinunue chupa isiyo na lebo, usifanyie hii kazi nyumbani kwenye watoto.

Zebaki vilevile. Mkoa wetu umepakana na Katavi na Songwe, na kuanzia Mpanda mpaka Chunya wachimbaji wadogo wanaijua, wanakamatia dhahabu. Zamani mafundi walipaka dhahabu kwa zebaki na moto, na mvuke wake uliwaharibu akili na mwili. Mtu akikuambia anakurudishia rangi kwa njia hiyo, ondoka na cheni yako.

Jambo la tatu: mteja akisema shingo inamwasha au sikio limevimba, acha mambo ya rangi. Huenda dhahabu imeisha na nikeli inagusa ngozi, na wapo watu ngozi zao haziivumilii. Mwambie aache kuivaa, na hali ikizidi aende hospitali.

6. PIGA HESABU KABLA YA KUSEMA NDIYO

Mfano tu, bei ulizia mwenyewe. Tuseme cheni unaiuza 10,000. Sonara anataka 8,000, kutuma na kurudisha kwa basi ni 6,000. Jumla 14,000. Hapo mpya ni nafuu, mwambie hivyo hivyo bila kuzunguka. Lakini ikiwa ni mkufu mzito wa shaba aliopewa na mama yake siku ya harusi, hesabu si yako tena. Mpe bei na hatari zake, aamue yeye. Ukikubali, chukua malipo ya awali na andikianeni hali ya kitu ulivyokipokea.

7. MWAMBIE UKWELI KABLA HAJAUGUNDUA

Hapa ndipo jina la biashara yako linapojengwa au linapovunjika. Kilichochovywa usikiite dhahabu. Kilichorudishiwa rangi usikiuze kama kipya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kuuza kwenye stetasi ya WhatsApp hakukuondolei wajibu huo. Lakini hata kabla ya sheria, mteja aliyedanganywa kwa cheni ya elfu kumi hatanunua kwako kitu cha elfu hamsini.

Nakili ujumbe huu, badilisha maneno uendane na wateja wako:

"Habari dada yangu. Cheni yako nimeiosha na kuiangalia. Sehemu ya mbele ni nzima, ilikuwa mafuta na vumbi. Nyuma ya kidani imelika, shaba inaonekana. Naweza kuipaka kinga ili isikuachie kijani, lakini rangi ya pale nyuma haitarudi. Ukitaka irudi lazima ichovywe upya, na gharama ni hii. Nifanyeje?"

Na kila unapouza mpya, weka kikaratasi kwenye mfuko: vaa mwisho baada ya mafuta na manukato, vua kwanza kabla ya kuoga na kufua, pangusa kwa kitambaa kikavu, hifadhi peke yake kwenye kimfuko.

ZOEZI LA WIKI HII: Chukua vitu vitatu vilivyopauka kwenye mzigo wako. Osha, kisha vigawe: kilichokuwa kichafu, cha kupaka kinga, cha kuondoa sokoni. Utashangaa, pengine kimojawapo ulikuwa unataka kukitupa bure.

Ukimaliza weka picha hapo chini ya kabla na baada, tujifunze wote. Na mtumie somo hili mwenzako anayeuza urembo. Kazi njema!