Jitengenezee Kipimo cha Koili na Transfoma

Mkazi wa Kianyaga akipeleka chaja ya betri au mashine ya kuchomelea kwa fundi, huenda akaambiwa, "Koili imeungua." Kuifunga waya mpya ni gharama. Kabla hujalipa, hakikisha.

Mita ya kawaida haitoshi. Itakuonyesha waya uliokatika, lakini mizunguko michache ikishika shoti baada ya vanishi kuungua, namba hubadilika kidogo mno. Transfoma ya aina hiyo huonekana nzima mezani, kisha hutoa moshi ikichomekwa kwenye stima ya volti 240.

Tafuta betri nne za tochi za volti 1.5, swichi ya kubonyeza kama ya kengele ya mlango, nyaya mbili zenye klipu, na taa ndogo ya neoni iliyotolewa kwenye bisibisi kuukuu ya kupimia stima. Ile ya kidijitali haifai. Panga betri zifuatane zifike volti 6, upitishe umeme kwenye swichi hadi kwenye klipu. Taa ya neoni iunge kati ya klipu hizo mbili.

Chomoa kifaa, tenganisha nyaya za transfoma, kisha bana klipu kwenye koili ya upande wa volti 240. Bonyeza sekunde moja, achilia. Usiguse klipu kwa vidole, zitakupiga shoti.

Neoni huhitaji volti 60 au zaidi, kwa hivyo betri pekee haziiwashi. Unapoachilia swichi, nguvu ya sumaku ndani ya koili huanguka ghafla na kuzalisha volti nyingi, na taa humweka. Isipomweka, waya umekatika, jambo ambalo mita itathibitisha, au mizunguko ina shoti.

Jaribu kwanza na transfoma unayojua ni nzima. Ikimweka, unganisha pamoja nyaya mbili za upande wa volti ndogo, ubonyeze tena. Mweko hupotea. Shoti ya ndani hufanya vivyo hivyo.

Kwa mota ya pampu ya maji, toa rota kwanza, la sivyo koili nzima itaonekana mbovu.

Transfoma iliyo kwenye nguzo usiikaribie kamwe. Ikiwa na hitilafu, pigia Kenya Power nambari 97771.