Kuachiwa Darasa: Funzo Kutoka kwa Madaktari Wanaosomea Ubingwa wa Usingizi

Utangulizi

Kila kazi ambayo mwanagenzi wake hujifunza kwa kumhudumia binadamu aliye hai inakabiliwa na swali moja gumu: ni wakati gani mwanagenzi huyo aachiwe kazi aifanye peke yake? Seremala akikosea kukata ubao, huuweka kando akachukua mwingine. Daktari na mwalimu hawana ubao wa kuweka kando.

Katika makala hii tutaeleza jinsi wanavyofundishwa madaktari wanaosomea ubingwa wa usingizi, yaani utaalamu wa kumlaza mgonjwa kwa dawa za nusukaputi, au kumtia ganzi, ili apasuliwe pasipo maumivu. Baada ya hapo tutajiuliza utaratibu wao una funzo gani kwa mwanachuo anayejiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha.

Tumeichagua kazi hii kwa sababu maalumu. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hawezi kusema kwamba anadhurika. Mtoto wa darasa la kwanza yu macho, lakini naye hajui kwamba anafundishwa vibaya. Akishindwa kusoma, atadhani kuwa yeye ndiye mzito wa kuelewa. Katika hali zote mbili anayeumia hana sauti. Kwa hiyo ulinzi wake hauna budi kuwekwa ndani ya utaratibu wenyewe wa mafunzo, usiachwe utegemee bahati au huruma ya mtu mmoja.

Jinsi mafunzo hayo yalivyoanza

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa huyo akafanyiwa upasuaji akiwa amelala. Habari hiyo ilienea upesi. Hata hivyo, mnamo Januari 1848 msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki huko Uingereza alipopewa klorofomu kwa ajili ya upasuaji mdogo wa ukucha. Ikadhihirika mapema kwamba dawa iondoayo maumivu yaweza pia kuondoa uhai.

Pamoja na hatari hiyo, kwa miaka mingi kazi ya kulaza wagonjwa ilifanywa mara nyingi na yeyote aliyekuwa karibu: muuguzi, mwanafunzi wa udaktari, au daktari kijana asiye na mafunzo maalumu. Mwaka 1927 Ralph Waters alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, akaanzisha huko mafunzo ya ubingwa wa usingizi ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika chuo kikuu. Wanafunzi wake walifanya kazi katika chumba cha upasuaji, walisoma sayansi ya dawa na ya mwili, na walikutana kila wiki kujadili wagonjwa waliowahudumia. Mambo hayo matatu, yaani kutenda, kusoma na kujadili, yangali msingi wa mafunzo hayo hata leo.

Siku hizi, nchini Marekani, daktari husomea ubingwa huu kwa miaka 4 baada ya kuhitimu udaktari. Katika vyuo vikuu vya Muhimbili na Makerere mafunzo hayo huchukua miaka 3. Mwanafunzi huyo si mgeni wa tiba. Ni daktari kamili. Lakini anapoingia katika ubingwa hukubali kuwa mwanagenzi tena.

Hatua za kuachiwa

Tuitazame siku moja ya daktari huyo mwanafunzi. Kabla ya upasuaji humtembelea mgonjwa, humwuliza habari za afya yake, huchunguza kinywa na shingo ili kujua kama njia ya hewa itakuwa rahisi au ngumu. Kisha huandaa mpango: atatumia dawa gani, kwa kiasi gani, na atafanya nini iwapo mpango wa kwanza utashindikana. Mpango huo humweleza daktari bingwa anayemsimamia, naye humhoji. Asubuhi hukagua mashine ya usingizi na oksijeni, huvuta dawa katika mabomba ya sindano na kubandika jina la dawa juu ya kila bomba. Ndipo mgonjwa huletwa.

Mgonjwa akishalala, mwanafunzi hamwachi. Hutazama mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kiasi cha oksijeni katika damu, na rangi ya ngozi. Kwa kuwa mgonjwa hawezi kusema, ni dalili hizo zinazosema badala yake.

Usimamizi wa kazi hiyo, kwa utaratibu unaofuatwa Marekani, una ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza bingwa yupo pamoja na mwanafunzi na mgonjwa. Katika ngazi ya pili bingwa hayupo chumbani, lakini anapatikana na yuko tayari kuja anapohitajika. Katika ngazi ya tatu mwanafunzi hufanya kazi, na bingwa huipitia baadaye na kutoa maoni. Mwanafunzi hapandi kutoka ngazi moja hadi nyingine kwa sababu tu miezi imepita. Hupandishwa baada ya kuonekana kwamba anaweza. Nchini Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi mpya hana budi kupimwa na kupita upimaji wa awali wa uwezo kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi bila bingwa kuwapo kando yake.

Yafaa pia tutambue kwamba stadi hazikomai kwa kutenda mara moja au mbili. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1998 uliwafuatilia wanafunzi 11 wa mwaka wa kwanza katika stadi ya kuingiza mrija wa kupumulia kooni. Ilionekana kuwa, kwa wastani, walihitaji kujaribu mara 57 ndipo wafaulu mara 9 katika kila majaribio 10. Hao walikuwa madaktari tayari, wenye akili na bidii. Mkono hujifunza kwa kurudiarudia, wala haudanganyiki kwa cheti.

Kujizoeza pasipo mgonjwa

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Southern California, Stephen Abrahamson na Judson Denson walishiriki kuunda sanamu ya mtu iliyoitwa Sim One, iliyoendeshwa kwa kompyuta. Sanamu hiyo ilipumua, ilikuwa na mapigo ya moyo, na mboni za macho yake ziliweza kupanuka. Matokeo waliyochapisha mwaka 1969 yalionyesha kuwa wanafunzi waliojizoeza kwa sanamu hiyo walifikia ustadi uliotakiwa katika siku chache zaidi kuliko wenzao. Baadaye David Gaba na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walitumia njia ya namna hiyo kufundisha jambo jingine: namna ya kufikiri na kuongoza wenzako hatari inapotokea ghafla. Zoezi linapokwisha, wote huketi na kulijadili: tuliona nini, tulidhani nini, tungefanya nini tofauti.

Kuchunguza makosa pasipo kuaibishana

Mwaka 1978 Jeffrey Cooper na wenzake mjini Boston walichapisha uchunguzi juu ya matukio ya hatari katika kazi ya usingizi ambayo yangeweza kuzuiwa. Waliwahoji watendaji, wakakusanya matukio 359. Asilimia 82 ya hayo yalihusu makosa ya binadamu: bomba la sindano lililobadilishwa na jingine, mpira wa hewa uliochomoka pasipo kugunduliwa, na mengineyo. Mashine iliyoharibika ilikuwa sababu ya sehemu ndogo tu.

Jambo la kuzingatia hapa ni namna walivyouliza. Swali lao halikuwa nani wa kulaumiwa, bali ni hali gani ilimfanya mtu mwangalifu akosee, na nini kingemsaidia asikosee. Watu walisema kweli kwa kuwa kusema kweli hakukuwaletea fedheha.

Njia mojawapo ya kuzuia makosa ni orodha ya kukagua. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kulazwa, kabla ya kupasuliwa, na kabla ya kutoka chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Watu walisimama kidogo, wakaulizana mambo waliyodhani kuwa kila mmoja anayajua.

Funzo kwetu walimu

Sasa tuyageukie mazoezi yetu ya kufundisha. Mara nyingi mwanachuo afikapo shuleni, mwalimu wa darasa humkabidhi chaki na kitabu, kisha huenda zake ofisini akifurahi kuwa amepata msaidizi. Mwanachuo hubaki na watoto sitini au zaidi. Mkufunzi huja siku mbili tatu, huketi nyuma na kujaza fomu. Kati ya siku hizo watoto hufundishwa na mtu ambaye hakuna anayemwona. Mwanachuo huyo amerukishwa moja kwa moja hadi ngazi ya tatu, na pengine hata hiyo hakuipata, maana hakuna anayeipitia kazi yake baadaye.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Mwalimu wa darasa hukaa karibu mno, humkatiza mwanachuo mbele ya watoto, na humalizia kila swali yeye mwenyewe. Mwanachuo wa namna hiyo hafikii kamwe kubeba darasa. Bingwa mwema wa usingizi huweka mikono yake nyuma, lakini macho yake hayaondoki kwa mgonjwa. Huingilia pale tu ambapo kungoja kutamdhuru mgonjwa. Kuachia ni sehemu ya kufundisha, na huhitaji mpango kama somo lolote lingine.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne ambayo mwanachuo aweza kuyafanya hata kama shule haina fedha wala vifaa:

(a) Omba ngazi. Siku ya kwanza ukutane na mwalimu wa darasa mkubaliane: wiki ya kwanza yeye atakuwapo darasani, wiki ya pili atakuwa karibu, tayari kuitwa, baadaye atapitia maandalio yako ya somo na madaftari ya watoto kila jioni. Kuomba kusimamiwa si dalili ya udhaifu.

(b) Jizoeze kwanza pasipo watoto. Chuoni, wafundisheni wenzenu somo la dakika kumi, mmoja akijifanya mtoto asiyesikia, mwingine mtoto asiyeelewa kutoa kwa kukopa. Kisha mlijadili.

(c) Soma dalili. Mtoto hatakuambia kuwa amepotea. Tazama macho, tazama kalamu isiyosogea, pitia daftari la aliyeketi nyuma kabisa. Usiulize tu, "Mmeelewa?" kwani jibu la darasa zima litakuwa, "Ndiyo, Mwalimu!"

(d) Kagua kabla, jadili baada. Kabla ya kuingia darasani ujiulize: lengo la somo ni lipi, zana ziko wapi, nitafanya nini njia ya kwanza ikishindwa? Baada ya somo mwambie mwenzako jambo moja lililokwenda kombo na sababu yake.

Mipaka ya mfano huu

Kila mfano una mipaka yake. Daktari wa usingizi huhudumia mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Mwalimu ana wengi. Kosa la daktari huonekana kwa dakika. La mwalimu huonekana baada ya miaka, mtoto anapofika darasa la nne hajui kusoma. Aidha, mgonjwa hutakiwa alale, lakini mtoto hutakiwa aamke: afikiri, aulize, abishe. Tofauti hizo hazipunguzi haja ya usimamizi, zinaiongeza. Madhara yanayochelewa kuonekana ndiyo yaliyo rahisi kuzoeleka.

Hitimisho

Tumeona kwamba madaktari hao hawategemei kipaji wala ujasiri wa mwanagenzi. Wanampa ngazi za kupanda, mahali pa kukosea pasipo kumdhuru mtu, na watu wa kujadiliana nao. Mtoto aliye darasani wiki hii hatasoma darasa la kwanza mara ya pili kwa sababu mwalimu wake alikuwa anajifunza. Wiki zile ni za kwake pia. Tuzilinde.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya kumwachia mwanagenzi kazi na kumtelekeza.
2. Chagua somo moja la hisabati la darasa la pili. Taja dalili tatu zitakazokuonyesha kuwa watoto hawajaelewa ingawa wamesema wameelewa.
3. Mwalimu wa darasa amekuambia, "Darasa ni lako, mimi napumzika." Utamwomba nini, na kwa maneno gani ya heshima?
4. Katika kikundi, andaeni orodha ya mambo yasiyozidi saba ya kukagua kabla ya kuanza somo. Itumieni kwa wiki moja, kisha mwondoe yasiyofaa.