Dawa ya meno ni ya meno

SWALI: Daktari, mimi nakaanga maandazi. Jumamosi mafuta ya moto yalinimwagikia kiganjani. Jirani akanipaka dawa ya meno, maumivu yakatulia. Leo siku ya nne, malengelenge yamepasuka na panatoa maji yenye harufu. Nipake nini sasa? – Mama Lishe, Temeke

JIBU: Pole sana, mama. Usipake kitu. Nenda kituo cha afya leo hii, maandazi yatasubiri. Harufu hiyo ni dalili kwamba huenda kidonda kimeshaingia vijidudu.

Kila wiki napokea mkono uliopakwa dawa ya meno, na kila mara naambiwa, "Lakini ilipoza." Haikupoza. Ule ubaridi ni wa mnanaa, unaihadaa ngozi tu, huku joto likibaki ndani likiendelea kuunguza nyama. Kisha dawa inakauka na kugandia, na muuguzi analazimika kuisugua juu ya kidonda kibichi ndipo tuone kina chake. Wengi hulia hapo kuliko walivyolia jikoni. Yai bichi, unga wa ngano, samli, mafuta ya taa: yote ni yale yale, na yai linaweza kukuongezea vijidudu.

Kinachopoza ni maji safi ya bomba, yakitiririka kwa dakika 20. Hata saa 3 baada ya kuungua bado yanasaidia. Bomba halitoi? Tumia ndoo na kata. Barafu hapana. Vua pete na bangili mapema, kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia usiibandue. Ukimaliza, funika kwa kitambaa safi kikavu, na malengelenge usiyatoboe.

Kupima jeraha limefika tabaka gani la ngozi tuachie sisi. Wewe jua hili moja: pakiwa peupe au peusi na hapaumi, usifurahi. Mishipa ya fahamu imeungua, na hilo ndilo jeraha baya zaidi.

Mama, siku nne ni nyingi mno. Kiganja kikipona vibaya, vidole hujikunja visinyooke tena. Aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kwenye maungio, aliyepigwa na umeme, aliyemwagikiwa tindikali au aliyevuta moshi, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Vivyo hivyo jeraha linalozidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole.

Ukifika, ulizia chanjo ya pepopunda. Na ukipata homa au mkono ukivimba usiku huu, usingoje kupambazuke.