Kupe wa mbwa wengi wamo ukutani

SWALI: Daktari, mbwa wetu amejaa kupe masikioni na katikati ya vidole. Tunamwogesha kwa dawa ya ng'ombe, wanapungua siku mbili tatu, kisha wanarudi. Wiki hii hali chakula, amelala tu, na mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Watoto hucheza naye kutwa. Je, nao wataugua?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mkojo huo umenishtua kuliko kupe wenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Mfunue mdomo utazame fizi: zikiwa zimepauka, damu imempungukia. Dalili hizi zinaelekea kwenye babesia, kijidudu kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Rangi ya chembe hizo ndiyo inayotoka na mkojo. Mara nyingi tone la damu likitazamwa kwa hadubini kijidudu huonekana, na sindano ya kukitibu ipo.

Mwombeni daktari aangalie pia erlikia. Huyu ni bakteria anayeweza kukaa mwilini miezi kimyakimya. Mbwa hukonda taratibu, kisha siku moja anatokwa damu puani. Vidonge vyake humezwa wiki nne hivi, na wengi huviacha mara mbwa anapoanza kula. Msiviache.

Sasa, kwa nini wanarudi? Kupe wa kahawia wa mbwa hupenda nyumba. Jike akishiba damu huanguka, hupanda ukutani, hutaga mayai elfu kadhaa kwenye ufa, halafu hufa. Wachanga hushuka kumtafuta mbwa, hula, huanguka, hujibadili wakiwa wamejificha, kisha humrudia. Kwa hiyo wale wa masikioni ni wachache tu. Choma matandiko ya banda, ziba nyufa kwa saruji, nyunyiza kuta dawa ya kupe na urudie kama daktari atakavyoelekeza. Kupe mzima anaweza kukaa miezi bila kula.

Dawa ya josho iacheni. Ikikolea kidogo tu, mbwa hutokwa mate, hutetemeka, na anaweza kufa. Mafuta ya taa na oili chafu ndiyo kabisa, huunguza ngozi. Kama mna paka, semeni kabla ya kununua dawa, maana baadhi ya dawa za mbwa humuua paka.

Watoto hawaambukizwi babesia hiyo kwa kumshika mbwa. Lakini kupe huyu huweza kumuuma mtu na kumwachia riketsia, bakteria waletao homa kali na kichwa kuuma. Wakatazeni kupasua kupe kwa kucha. Kupe aliyeng'ang'ania hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akavutwa moja kwa moja bila kuzungushwa, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Mtoto akipata homa na kipimo kikaonyesha hana malaria, mkagueni nyuma ya masikio, kichwani na kwapani, mtafute kidonda kidogo chenye gaga jeusi. Mwambieni tabibu kuwa nyumbani kuna kupe. Asipoambiwa, huenda asiulize.