NGOME YA JANJIRA NA SARAFU YAKE

Wanazuoni wa tarehe wa Kiislamu walikuwa wakiujua ufalme kwa alama mbili: jina la mfalme kutajwa katika khutba ya Ijumaa, na jina lake kupigwa juu ya sarafu. Khutba ilisikiwa na watu wa msikitini tu, lakini sarafu ilipita mkononi mwa kila mtu, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Kwa hivyo sarafu ni ahadi ya mtawala kwa raia wake. Katika somo hili tutaitazama dola ndogo ya Bara Hindi, ambayo watawala wake asili yao ni upande wetu huu wa bahari, tupate kuona jinsi ilivyoinuka na lililoipunguza.

MAHALI PENYEWE

Janjira ni kisiwa cha mwamba mbele ya mji wa Murud, katika pwani ya Konkan, kusini ya Bombay, mji ambao sasa huitwa Mumbai. Husemwa kuwa jina lake limetokana na neno la Kiarabu jazira, yaani kisiwa. Kuta za ngome zimepanda juu ya mwamba kutoka majini, hata adui hapati pwani ya kushukia. Na ndani yake, juu ya kuwa bahari imeizunguka pande zote, mna mabirika makubwa ya maji matamu.

WATU WAKE

Walioitawala ni Wahabeshi, ambao huko huitwa Masidi. Wazee wao walichukuliwa kutoka Habash na nchi nyinginezo za Afrika ya Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa, wakatiwa katika majeshi ya masultani wa Deccan. Neno Sidi lina asili ya Kiarabu, sayyidi, na maana yake ni bwana wangu. Tazama, ndugu msomaji: watu waliouzwa sokoni, wakaja kuitwa mabwana! Mashuhuri kupita wote katika Wahabeshi wa Deccan ni Malik Ambar, aliyekufa mwaka 1626. Aliuzwa mara kadha wa kadha, kisha akawa waziri aliyeshika hatamu za dola ya Ahmadnagar.

Masidi wa Janjira walitumikia Ahmadnagar, kisha Bijapur, na mwaka 1670 wakaingia katika utii wa Aurangzeb, mfalme wa Mughal. Yeye akampa mkuu wao lakabu ya Yaqut Khan, akamkabidhi ulinzi wa bahari, pamoja na majahazi ya mahujaji yatokayo Surat kwenda Hijazi. Na katika zama hizo za mwanzo, ukubwa haukuwa urithi wa baba kwa mwana. Mkuu akifa, alishika mahali pake yule aliyemfuatia kwa cheo katika majahazi.

Shivaji, mfalme wa Maratha, aliijaribu ngome hii mara nyingi asiipate, hata akafa mwaka 1680. Mwanawe Sambhaji akaizingira mwaka 1682, akataka kuijaza bahari kwa mawe apate njia ya kupita, naye akashindwa. Mwaka 1689 Sidi Yaqut akashusha jeshi Bombay penyewe, akawazingira Waingereza katika ngome yao hata mwaka uliofuata.

LILILOWAPUNGUZA

La kwanza ni ugomvi wa urithi. Mwaka 1733 alipokufa Sidi Rasul Yaqut Khan, wanawe waligombea ukubwa. Wamaratha wakaingia kati yao. Mwaka ule ule ngome ya Raigad ikawatoka Masidi, na baada yake sehemu kubwa ya nchi yao ya bara.

La pili ni sarafu. Janjira ilikuwa na nyumba yake ya kupigia sarafu, na rupia zake zilifuata mfano wa zile za Mughal. Yafaa ifahamike kwamba rupia siku hizo haikuwa karatasi. Thamani yake ni fedha iliyomo ndani yake. Rupia ya Kampuni ya Kiingereza ya mwaka 1835 ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika mafungu 12 ya madini yake, 11 yalikuwa fedha safi. Mtawala akipunguza fedha akatia shaba, akaacha chapa vilevile, amemwibia kila ashikaye sarafu ile, na khasa maskini asiyejua kupima.

Sarafu ya Janjira iliingia katika ila hiyo. Mwaka 1834 Waingereza walitangaza kuwa Janjira iko chini ya mamlaka yao, wakaifunga nyumba ile ya sarafu, kwa kuwa fedha yake imeghushiwa. Hatusemi kwamba Waingereza walikuwa wakiwaonea huruma maskini. Walitaka rupia yao ienee kote, na mwaka uliofuata wakaiwekea sheria. Lakini aliyekuwa akitafuta mlango, alifunguliwa na wenye nyumba. Ngome iliyomshinda Shivaji na mwanawe iliondolewa alama ya ufalme wake kwa amri, pasipo kupigwa mzinga. Manawabu walibaki chini ya Waingereza, hata mwaka 1948 nchi yao ikatiwa katika jimbo la Bombay.

MAZINGATIO

Kwanza: Mwenye kumdharau mwenziwe kwa kuwa babu yake aliuzwa, naasome khabari za Janjira. Waliouzwa ndio waliolinda njia ya mahujaji.

Pili: Masidi walisimama imara ukubwa ulipokuwa wa astahiliye, wakagawanyika ulipogombewa na watoto wa baba mmoja. Basi na tuziangalie kamati zetu za misikiti, wakfu na madrasa: je, mtu huwekwa kwa ujuzi na uaminifu wake, au kwa kuwa marehemu ni babake?

Tatu: Surat al-Mutaffifin haikushuka kwa wafalme peke yao. Muuza maziwa atiaye maji, na mwenye duka apunguzaye mizani, kila mmoja anapiga sarafu ya shaba akaiita fedha. Naye ajue kwamba watu wakiisha kuacha kumwamini, hapana ukuta utakaomlinda.

Wabillahi ttaufiq.