Mchezo wa Mahakama Darasani: Maoni ya Wachezaji na Funzo Lake kwa Mwalimu

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo mwalimu wa shule ya msingi huzifanya bila kuandikiwa katika ratiba, ipo kazi ya kuamua mashauri. Kalamu imepotea, watoto wawili wamepigana, fedha za mchango hazionekani. Kabla kengele haijalia, mwalimu amekwisha sikiliza, amekwisha hukumu, na pengine amekwisha adhibu. Kazi hii ni nzito, na mara nyingi huifanya kwa haraka kuliko kazi nyingine zote.

Tulipoanza ualimu, katika shule ambayo hatuna haja ya kuitaja, tulipotelewa na shilingi elfu mbili za mchango wa mtihani. Watoto wawili walisema walimwona mwenzao akifungua meza yetu. Mmoja alisema ilikuwa wakati wa gwaride la asubuhi. Wa pili alisema ilikuwa wakati wa mapumziko. Tofauti hiyo hatukuitambua, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kasirika. Mtoto akaadhibiwa. Siku ya tisa tulizikuta fedha zile ndani ya daftari la mahudhurio, mahali tulipoziweka kwa mkono wetu wenyewe. Tulimwomba radhi mbele ya darasa, naye akatupokea kwa adabu. Lakini mwaka ule wote hakunyosha mkono tena kujibu swali letu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza njia moja ya kufundisha, yaani mchezo wa mahakama, ambayo humzoeza mtoto, na mwalimu pia, kuipima kauli kabla ya kuiamini. Tutaanza na maoni ya watu waliokwisha kuucheza mchezo wa namna hiyo katika kompyuta, kwa sababu sifa na lawama zao zina mafunzo kwetu.

Mchezo wenyewe na maoni ya wachezaji

Jioni moja tuliwakuta wanachuo watatu bwenini wameizunguka kompyuta moja, wakibishana kwa sauti. Walikuwa wakicheza Phoenix Wright: Ace Attorney, mchezo uliotungwa na Mjapani Shu Takumi na kutolewa na kampuni ya Capcom nchini Japani mwaka 2001 kwa jina la Gyakuten Saiban. Kwa Kiingereza ulitolewa mwaka 2005, na mwaka 2019 michezo mitatu ya mwanzo ilitolewa pamoja kwa ajili ya kompyuta. Huu ni mchezo wa kusoma. Picha za wahusika huonekana, maneno yao huandikwa chini ya picha, naye mchezaji huwa wakili wa mshtakiwa. Shahidi hutoa ushahidi wake kauli baada ya kauli. Mchezaji aweza kumdodosa juu ya kauli yoyote, au kutoa kielelezo kinachopingana nayo. Akitoa kielelezo kisichohusika huhesabiwa kosa, na makosa yakifika kikomo mshtakiwa hutiwa hatiani na mchezo hukoma.

Kesi ya kwanza yatosha kuwa mfano. Shahidi anasema aliukuta mwili wa marehemu saa saba mchana. Taarifa ya daktari inasema kifo kilitokea baada ya saa kumi alasiri. Akibanwa, shahidi anadai kwamba saa hiyo aliisikia katika televisheni. Lakini ipo taarifa kuwa umeme ulikuwa umekatika katika jengo lile mchana huo. Hapo uongo wake huanza kufumuka kama mshono ulioshikwa uzi wake. Mtu wa Mbeya, ambaye anajua vema maana ya umeme kukatika, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Tuliwauliza wanachuo wetu wanaupendea nini mchezo huo. Wa kwanza alisema furaha yake yote imo katika ile nukta anapoona kwamba maneno mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Wa pili alisema mchezo umemlazimisha kusoma kila sentensi mara mbili, jambo ambalo hakuna kitabu cha darasani kilichopata kumlazimisha. Wa tatu alikuwa na lawama, na lawama yake ndiyo tuliyoondoka nayo. Alisema: “Mkufunzi, mara nyingine jibu nimekwisha lipata, na kielelezo changu ni cha kweli, lakini mchezo unanihesabia kosa kwa kuwa mtungaji alitaka kingine. Basi naacha kufikiri, nabahatisha.”

Lawama hiyo si yake peke yake. Ni moja ya lawama ambazo wachezaji wa mchezo huu wamezitoa mara kwa mara tangu ulipotoka: kwamba njia ni moja tu, na mchezaji aliyetangulia kwa akili huadhibiwa sawa na yule asiyeelewa kitu. Ndugu mwalimu, jiulize kama lawama hiyo haituhusu sisi. Ni mara ngapi tunauliza swali darasani huku jibu moja tumelishika mfukoni, na mtoto akileta jingine lililo sahihi tunamwambia aketi? Naye, kama yule mwanachuo, huacha kufikiri akaanza kubahatisha.

Jinsi tulivyoujaribu mchezo Mwanjelwa

Tulikusudia kuutumia mchezo huo bila kompyuta, katika darasa la tano la shule moja ya msingi hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambako wanachuo wetu walikuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mfano wetu haukuwa mahakama ya Kijapani. Tulichukua Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kawaida. Lugha yake tangu zamani ni Kiswahili. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilipotungwa, iliagiza hakimu aketi na washauri wasiopungua wawili. Nao mawakili, kwa miaka mingi, hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo, hata mlalamikaji na mshtakiwa wakawa wanajisemea wenyewe. Mpango huo wafaa sana kwa watoto, kwa maana hakuna awezaye kujificha nyuma ya msemaji hodari.

Kesi tuliitunga kutokana na mambo ya sokoni, ambayo watoto wa Mwanjelwa huyaona kila siku. Muuza viazi anamshtaki kijana wa toroli kwa wizi wa debe moja la viazi. Gunia lilipimwa shambani Uporoto likawa na debe saba. Alipolipima kibandani kwake alipata debe sita. Shahidi wake anasema alimwona kijana saa tano asubuhi, mvua ikinyesha, amesimamisha toroli nje ya soko na kulifungua gunia. Kijana anakana. Vielelezo vilikuwa vitatu: stakabadhi ya ushuru inayoonyesha kuwa gunia liliingia sokoni saa tatu na nusu, daftari la mlinzi lililoandikwa kuwa mvua ilianza saa nne na nusu, na gunia lenyewe, ambalo lilifika kibandani likiwa kavu. Tulikuwa tumeandaa njia mbili za kuuvunja ushahidi ule, ya saa na ya mvua, tukajiona kwamba tumekwisha jifunza kutokana na lawama ya mwanachuo wetu.

Watoto waliziona njia zote mbili mapema. Ndipo msichana mmoja, aliyekuwa mshauri wa mahakama, akaomba ruhusa kwa hakimu amwulize mlalamikaji swali. Akauliza: “Mama, huko shambani mlipima kwa debe la mfuto au la kilima?”

Swali hilo halikuwamo katika karatasi yetu. Ulimi wetu ulikuwa tayari kumwambia kwamba jambo hilo halihusiki. Tukakumbuka maneno ya bwenini, tukanyamaza. Mtoto akaeleza kwamba mama yake huuza viazi, na kwamba debe lililosawazishwa mdomoni na debe lililojazwa hadi likafanya kilima si kipimo kimoja. Watoto wa Mbeya wanaijua lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita mdomo wake, ambalo kanuni za vipimo zinalikataza; hivyo darasa zima lilimwelewa mara moja. Tukaagiza kikombe na mahindi. Vikombe saba vya mfuto vilipopimwa upya kwa kilima, vilitoka sita na punje chache zikabaki. Huenda basi hapakuwa na wizi wowote. Katika karatasi yetu tulikuwa tumemtafutia kijana njia ya kuokoka, wala hatukufikiri kwamba kosa lenyewe huenda halikutendeka.

Hatua za somo

Mwalimu mwanafunzi atakayependa kuijaribu njia hii na afuate hatua zifuatazo, katika vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa.

1. Matayarisho. Andika kesi fupi ya mambo ambayo watoto wanayajua. Kauli za shahidi zisizidi sita. Usitumie kamwe shauri la kweli la mtoto wa shule yako.

2. Kugawa dhima. Chagua hakimu, washauri wawili, karani, mlalamikaji, mshtakiwa na shahidi. Dhima ya mshtakiwa usimpe mtoto ambaye wenzake wamezoea kumshuku. Waliobaki wawe makundi ya kudodosa, kila kundi na nakala ya vielelezo.

3. Kusikiliza. Shahidi asome kauli zote bila kukatizwa. Karani aziandike ubaoni kwa namba.

4. Kudodosa. Kila kundi litaje namba ya kauli, lionyeshe kielelezo, kisha lieleze kwa sentensi kamili kwa nini viwili hivyo havipatani. Kupiga kelele za pingamizi, ambako ni furaha kubwa ya mchezo wa kompyuta, hakuhesabiwi bila sababu.

5. Hukumu. Washauri watoe maoni yao, kisha hakimu atoe uamuzi pamoja na sababu zake.

6. Maoni ya wachezaji. Hatua hii isiachwe hata muda ukiwa umebana. Kila mwenye dhima aeleze aliyoyaona.

Waliyosema watoto

Hatua ya sita ndiyo iliyotufundisha zaidi. Mvulana aliyekuwa mshtakiwa alisema kilichomwuma zaidi ni darasa kucheka kabla hajafungua kinywa. Aliyekuwa shahidi alisema kwamba, baada ya kuikariri kauli yake, alianza kuiona mvua ile kama kwamba ilinyesha kweli. Mwingine alilalamika kwamba kesi imekwisha bila mwizi kupatikana, na wengi wakamwunga mkono.

Lalamiko hilo la mwisho lataka uangalifu. Katika mchezo wa kompyuta, kwa kawaida wakili hushinda kwa kumfichua mkosaji wa kweli, na mchezaji huondoka ameridhika. Mahakama haina wajibu wa kumridhisha mtazamaji. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Ushahidi usipotosha, mshtakiwa huachiwa, hata kama hatujui mali imekwenda wapi. Mwalimu naye hana budi kujifunza kulivumilia darasa lisilo na mwizi. Tamaa ya kumpata mkosaji kabla kengele haijalia ndiyo iliyotupotosha sisi katika shauri la zile shilingi elfu mbili.

Hitimisho

Mchezo wa mahakama hufundisha kusoma kwa makini, kusema kwa mpango na kutoa sababu. Lakini faida yake kubwa hupatikana siku ambayo kalamu itapotea kweli. Mwalimu aliyeucheza na darasa lake atajua kuwauliza mashahidi mmoja mmoja, kulinganisha saa walizozitaja, na kuangalia kwanza ndani ya daftari lake mwenyewe. Wahenga wamesema, haraka haraka haina baraka. Na katika kuhukumu, hasara ya haraka humwangukia mtoto ambaye hana pa kukata rufani.

Maswali ya kujadili

1. Tunga kesi fupi ya mambo ya kijijini au mtaani kwako, yenye kauli tano na vielelezo vitatu.

2. Eleza utafanya nini ikiwa mtoto ataleta hoja sahihi ambayo hukuiandaa.

3. Kumbuka shauri moja uliloamuliwa ulipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Ni swali gani ambalo mwalimu hakuliuliza?