Kabla Hujamtuma Shemeji Akupangie Foleni ya Gemu Ulaya

Foleni tunaijua. Aliyesubiri mbolea ya ruzuku au maji ya bomba hahitaji kufundishwa jinsi jiwe au ndoo inavyomshikia mtu nafasi. Lakini foleni ya mashine mpya ya gemu, siku inapoingia sokoni kule London au New York, ina taratibu zake. Mwenye banda la gemu hapa Isongole, mpakani na Malawi, anayetaka kumtuma shemeji aliyeko huko azijue kabla hajatuma hela.

Siku hizi foleni yenyewe mara nyingi haiko mlangoni. PS5 ilipotoka Novemba 2020, wakati wa korona, Sony ilitangaza kwamba siku ya kwanza mashine zitauzwa mtandaoni tu. Walanguzi wakazikomba kwa programu za kompyuta, na uhaba ukadumu hadi karibu mwanzo wa 2023. Nintendo Switch 2 ilipotoka tarehe 5 Juni 2025, watu walirudi kusimama nje ya maduka usiku wa manane, lakini wengi wao walikuwa wameshaagiza mapema. Japani ikawa bahati nasibu: watu wapatao milioni 2.2 waliomba kwenye duka la mtandaoni la Nintendo, na sharti mojawapo lilikuwa mwombaji awe ameshacheza Switch ya zamani angalau saa 50. Kwa hiyo usimuulize shemeji kama anaishi karibu na duka. Muulize kama ameshaagiza, na uthibitisho wa oda uko wapi.

Ukitaka kumfuatilia kwa simu, saa sita usiku ya London mwezi Juni ni saa nane usiku kwetu. Novemba ni saa tisa. Na uangalie simu yako isije ikawa imenasa mnara wa Chitipa, maana Malawi wako nyuma yetu kwa saa nzima.

Shemeji asibebe fedha taslimu. Mwaka 2006, PS3 ilipotoka Marekani, majambazi wenye bunduki waliivamia foleni ya mji wa Putnam, Connecticut, na aliyekataa kutoa hela zake akapigwa risasi. Alipe kwa kadi, na akikabidhiwa boksi alikague palepale. Hii si tahadhari ya bure: katika duka moja la Staten Island, siku ya Switch 2, wauzaji walibana risiti kwenye maboksi kwa stepla, na pini zikatoboa vioo vya mashine.

Sasa mtego ninaouogopa kuliko foleni. Japani, Switch 2 iliuzwa yen 49,980 kwa toleo la Kijapani pekee, na yen 69,980 kwa toleo la lugha nyingi. Tofauti ya yen 20,000 inashawishi. Ila toleo la bei rahisi linaongea Kijapani tu, na linakubali akaunti iliyosajiliwa Japani tu. Vijana wa Isongole watalitazama kama picha.

Umeme nao una mambo yake. Wetu ni volti 230, na plagi ya Uingereza inaingia moja kwa moja kwenye soketi zetu. Marekani ni volti 120, Japani 100. Mashine nyingi za sasa huvumilia 100 hadi 240, lakini PS2 kuukuu ya Japani ukiichomeka ukutani hapa, huenda umeiaga. Kibandiko kilicho chini au nyuma ya mashine, au kwenye chaja yake, ndicho kinachosema kweli, si muuzaji. Waranti nayo kwa kawaida hubaki katika nchi mashine iliponunuliwa. Ikigoma hapa, fundi ni juu yako.

Halafu mpaka. Utasikia ushauri kwamba mzigo upitishwe Malawi au Zambia, uvuke mto Songwe au uingilie Nakonde, kisha uitwe bidhaa ya SADC. Unafuu wa SADC ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na mashine iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Chitipa kwa kulala huko usiku mmoja. Malawi na Zambia haziko kwenye forodha ya Afrika Mashariki, kwa hiyo ushuru upo, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa msafiri msamaha kwa vitu anavyobeba mwenyewe, lakini awe amekaa nje zaidi ya saa 24 na avitaje kwa ofisa. Aliyekwenda Nakonde asubuhi akarudi jioni hana hoja hiyo, na maboksi matatu yanayofanana yataonekana biashara. Waulize TRA kiwango cha sasa kabla mzigo haujaondoka. Njia ya panya inaweza kukugharimu mashine yenyewe.

Mimi ningengoja. Si kwa kutarajia bei ishuke, maana PS5 ilipandishwa Uingereza kutoka pauni 449.99 hadi 479.99 Agosti 2022, karibu miaka miwili baada ya kutoka. Ningengoja kwa sababu wateja wa banda wanataka mpira na pedi mbili zisizokwama, na kwa hayo PS4 iliyotumika inatosha.

Kama umeshaamua, PS5 ya kwanza ya diski ina uzito wa kilo 4.5, ipigiwe hesabu kwenye begi. Switch ina betri, shemeji apande nayo mkononi ndani ya ndege. Na kabla ya kufunga zipu apige picha tatu: risiti, kibandiko cha volti na namba ya mashine. Akutumie WhatsApp usiku huohuo.